Ngumi Zinapofika Njia Panda ya Nyololo

Pambano kubwa la ngumi ni lile linalofuatiliwa na watu wasiofuatilia ngumi. Ukubwa wake haupimwi kwa mkanda unaogombewa wala kwa rekodi za mabondia. Unapimwa kwa wingi wa watu ambao wiki moja kabla hawakujua uzito wa kati unaishia wapi na uzito wa juu unaanzia wapi, na ambao siku ya pambano wanaacha kazi zao kuulizia matokeo. Kwa mpenzi wa ngumi kila Jumamosi ina lake. Kwa taifa zima inaweza kupita miaka miwili mitatu bila hata pambano moja la namna hiyo.

Nyololo ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ni njia panda katika Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya TANZAM kati ya Mafinga na Makambako. Hapo ndipo njia ya Igowole, Kibao na Mgololo inapoachana na lami inayokwenda Mbeya na Tunduma. Malori ya nguzo, mbao na karatasi hutokea upande wa misitu, mabasi ya Mbeya na Songea hupita, na wachuma chai hufika siku za malipo. Ngumi si mchezo wa mahali hapo. Vijana hucheza mpira, wazee hucheza bao, na masika yakiingia jioni huwa za ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa hiyo habari ya ngumi ikizungumzwa pale, imekwisha kutoka mikononi mwa wenyewe na kuwa ya kila mtu. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia kwenye njia panda hiyo, na mengi yanayosimuliwa hapa aliyaona kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video kwa kiingilio, na sehemu wanapolala madereva wa malori. Ya mwaka 1974 aliyapokea kwa wazee.

Kipimo chenyewe ni swali. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi, akiona vijana wamejazana mlangoni pa kibanda, huuliza mambo matatu: nani anapigana, na nani, na wamekoseana nini. Mawili ya kwanza yana jibu katika kila pambano. La tatu ndilo linaloamua. Akijibiwa kwamba wanagombea mkanda wa shirika fulani la kimataifa, mama hurudi kwenye jiko lake. Akijibiwa kwamba huyu ni wa kwetu na yule ni wa Uingereza, au kwamba huyu kamwambia mwenzake atamlaza raundi ya tatu, au kwamba huyu umri umekwenda na watu wanaogopa ataumizwa, basi husogea kidogo na kuuliza linaanza saa ngapi. Sababu ya kupigana lazima iingie katika sentensi moja, na iwe ya kibinadamu, inayoeleweka hata kwa mtu asiyejua pointi zinavyohesabiwa.

Pambano la Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, lilikuwa na sababu nyingi za namna hiyo kwa wakati mmoja. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Mwaka 1967 alinyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam. George Foreman alikuwa na miaka 25, amepigana mara 40 bila kushindwa, na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton kwa raundi mbili tu kila mmoja, wakati wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Hakuhitajika mtaalamu kueleza hatari iliyokuwapo. Juu ya hayo, pambano lilifanyika Afrika, katika Zaire ya Mobutu, kwa ahadi ya dola milioni 5 kwa kila bondia. Lilipangwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na tarehe ikasogezwa mbele kwa wiki tano. Ucheleweshaji huo ulisaidia kulikuza, kwa kuwa wiki tano za kungoja ni wiki tano za kubishana. Pambano lilianza kama saa kumi usiku kwa saa za Kinshasa ili liendane na jioni ya Marekani, na kwa Afrika Mashariki ilikuwa ni kumekucha, saa kumi na mbili.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, na haikuwa nayo mpaka mwaka 1994. Pambano liliwafikia watu kwa maneno matupu: redio, gazeti lililochelewa, na midomo ya madereva. Mzee mmoja aliyekuwa utingo wa lori miaka hiyo alikuwa akilisimulia kwa mwili. Angeegemea ukuta wa duka kana kwamba ni kamba za ulingo, viwiko vikiwa mbele ya uso, aache ngumi za hewani zimwangukie, kisha katika "raundi ya nane" ajinasue ghafla na kumwangusha Foreman kwenye vumbi la njia panda. Hakuwahi kuona picha hata moja ya pambano hilo. Watoto waliomzunguka, mwandishi akiwa mmoja wao, walijua kila tendo kwa mpangilio wake. Hapo linaonekana jambo ambalo mapromota wa leo, wenye kamera za kila pembe, hulisahau kwa urahisi: pambano linalosimulika hufika mbali kuliko linaloonekana tu. Ali kuegemea kamba na kupigwa mpaka mwenzake achoke ni hadithi yenye mwanzo, hofu na mgeuko, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuibeba mpaka nyumbani bila kuipunguza.

Ali huyohuyo alifika Dar es Salaam Februari 1980, safari hii akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter aliyetaka nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kwa wazee wa Nyololo kisa hicho kilikuwa kigumu kukisimulia. Walimpenda Ali kwa sababu aliwahi kuikatalia serikali yake, na sasa alikuja kuisemea serikali hiyohiyo. Mvuto wake kwa umma ulitokana na mkono wake wa kulia na vilevile na mahali aliposimama. Aliposimama kwingine, watu walilihisi hilo hata kama hawakulitamka.

Kwa kizazi kilichofuata jina lilikuwa Mike Tyson, na lilihitaji maelezo machache zaidi. Tyson aliogopesha. Jina lake lilipewa mbwa wakali, wabeba mizigo na watoto wanene. Aliporudiana na Evander Holyfield tarehe 28 Juni 1997 akamng'ata sikio na kuondolewa ulingoni, mkanda wa video ulifika Nyololo wiki kadhaa baadaye, ukachezwa kwa jenereta katika chumba kilichojaa mpaka madirishani. Kila aliyelipa alijua mwisho wake. Alilipa ili aone sikio. Hivyo si lazima matokeo yawe siri ndipo watu wajae. Inatosha pambano liwe na tukio moja ambalo mtu hawezi kuliamini mpaka alione kwa macho yake.

Upatikanaji ni jambo jingine, na halina mengi ya kuelezwa isipokuwa kwamba likikosekana yote huharibika. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walipopigana Las Vegas usiku wa tarehe 2 Mei 2015, huku ilikuwa asubuhi ya Jumapili tarehe 3. Duniani pambano hilo lilivunja rekodi ya mauzo ya televisheni ya kulipia, kwa manunuzi yaliyopita milioni 4. Kwenye njia panda, mwenye kibanda kimoja alikusanya viingilio tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, lakini asubuhi ikadhihirika kwamba king'amuzi chake hakikuwa na chaneli husika. Watu walikaa mbele ya kioo cheusi wakipokea matokeo kwa ujumbe wa simu, raundi baada ya raundi, kutoka kwa ndugu waliokuwa mijini. Mayweather alishinda kwa pointi. Mpaka saa tano asubuhi hakuna aliyelizungumzia tena. Watu walikuwa wanadai pesa zao.

Ubora wa bondia na medali zake hufanya kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa, na hili ni jambo la kusikitisha. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alishinda dhahabu ya ngumi katika michezo hiyohiyo Kuala Lumpur mwaka 1998, jambo ambalo Watanzania wachache sana wamewahi kulifanya katika mchezo wowote. Kwa haki, jina lake lingepaswa kutajwa kwenye kila kijiwe. Halitajwi, na sababu haiko kwake. Mashindano ya ridhaa huchezwa mfululizo, mpinzani wa fainali hujulikana siku chache kabla, na hakuna anayepewa muda wa kumwogopa wala kumchukia. Umma huhitaji mpinzani mwenye sura. Jirani zetu Wakenya waliona jambo linalokaribiana na hilo kwa Fatuma Zarika, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa WBC huko Flint, Michigan, mwaka 2016. Jina lilishika zaidi nyumbani alipoutetea Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, mbele ya watu wake, na mpinzani akiwa wa kutoka bara hilihili.

Kisa cha Hassan Mwakinyo kinastahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kilikwenda kinyume na hayo: mvuto ulikuja baada ya pambano. Jumamosi ya tarehe 8 Septemba 2018 Watanzania walikuwa na jambo lao: Taifa Stars ilikuwa Kampala, ikatoka sare ya 0-0 na Uganda katika kufuzu kwa AFCON. Usiku huohuo Birmingham, katika mapambano ya utangulizi ya usiku wa Amir Khan na Samuel Vargas, kijana wa Tanga aliyeitwa kujaza nafasi muda mfupi kabla alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Eggington alikuwa amewahi kuwa bingwa wa Ulaya, na alikuwa nyumbani kwao. Nyololo hakuna aliyekuwa amesikia lolote. Asubuhi ya Jumapili kipande kifupi cha video kilianza kuruka kutoka simu hadi simu: Mwingereza yuko kwenye kamba, mwamuzi anaingia katikati, na kijana mwembamba anageuka kana kwamba haamini. Konda mmoja wa basi la kwenda Dar es Salaam alishuka nacho mkononi, akawaonyesha wauza viazi mmoja mmoja, na kila mmoja aliuliza kitu kilekile: "Huyu ni wetu kweli?"

Swali hilo lilibeba uzito wote. Matangazo, tambo na mkutano wa waandishi havikuwapo. Kilichokuwapo ni mtu aliyeletwa ili ashindwe, ugenini, akashinda mapema, na ushahidi ulitosha ndani ya simu ya bei nafuu. Kuletwa ili ushindwe ni jambo linaloeleweka vizuri sana kwa mchuma chai, kwa kibarua wa nguzo na kwa mkulima anayepangiwa bei ya mahindi yake na mnunuzi. Hawakuhitaji kufafanuliwa kwa nini wafurahi. Tangu hapo kila pambano la Mwakinyo lilikuwa la watu wote kabla halijatangazwa. Alipopigana na Arnel Tinampay wa Ufilipino katika Uwanja wa Uhuru tarehe 29 Novemba 2019, akashinda kwa pointi, njia panda ilibishana juu ya kadi za majaji kwa siku nyingi, na waliobisha kwa sauti kubwa kabisa ni watu ambao mwaka mmoja nyuma hawakujua kwamba majaji ni watatu. Mabishano kama hayo huongeza maisha ya pambano, ingawa yakizidi hula imani ya watazamaji.

Mpira una nafuu ambayo ngumi haina. Mtoto wa Nyololo huzaliwa akakuta nyumba ni ya Simba au ya Yanga, na mechi ya watani hujaza kibanda hata kama timu zote mbili zimechoka. Bondia hana urithi huo. Kila pambano lazima lijitengenezee pande zake upya, na mara nyingi pande hizo huokotwa kwenye mikoa. Francis Cheka alikuwa Morogoro nzima iliyovaa glavu, na alipompiga Mmarekani Phil Williams mwaka 2013 kwa mkanda wa WBF, mabasi yaliyotoka Morogoro yalifika na sherehe ndani. Twaha Kiduku na Dullah Mbabe, kwa mapambano yao ya 2020 na 2021 ambayo Kiduku alishinda, waliufanya ugomvi wa Morogoro, mji kasoro bahari, na Dar es Salaam uwe jambo la kila kijiwe. Nyololo haiko Morogoro wala Dar es Salaam, lakini madereva wanatoka kote kuwili, nao ndio waliogawanya wali wa mama ntilie katika meza mbili zisizosalimiana.

Kisha akaja Karim Mandonga, na wataalamu wengi wa ngumi wakakasirika. Kwa vipimo vyao walikuwa na haki. Hakuwa bondia bora wa uzito wake hata ndani ya nchi, lakini jina lake lilijulikana kuliko la mabingwa. Sababu yake haikuwa kelele tupu, kwa kuwa wapiga kelele ni wengi na husahaulika. Mandonga alikuwa na utani, na utani katika nchi hii ni taasisi ya zamani kuliko televisheni. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, wamegeuza uadui huo kuwa ruhusa ya kukashifiana mpaka msibani bila mtu kununa. Mtani mzuri hutukana kwa namna inayomfanya anayetukanwa acheke, tena hujiweka mwenyewe mahali pa kuchekwa. Ndivyo Mandonga alivyofanya. Ngumi zake alizipa majina, ndoige na sugunyo, akadai sugunyo imetengenezwa Ukraine, na alisema hayo kwa uso mkavu wa mganga anayetaja dawa. Mwanzoni mwa tambo zake, aliposhindwa na Shaban Kaoneka mjini Songea Julai 2022, umma ulimpenda zaidi, maana majigambo yaliyoishia sakafuni mwa ulingo ni hadithi iliyokamilika. Mabasi ya Songea yaliyosimama Nyololo wiki hiyo yalikuwa yanasimulia pambano hilo kuliko bei ya mahindi, na ilikuwa ni msimu wa kuuza mahindi.

Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, na hapo utani wa nyumbani ukawa wa nchi mbili. Kenya na Tanzania hutaniana kwa Kiswahili, kwa mlima na kwa wasanii, kwa hiyo pande zilikuwa tayari. Wauza mahindi waliuliza swali la tatu wakalijibu wenyewe. Televisheni, hasa Azam TV kwa matangazo yake ya ngumi yanayoitwa Vitasa, zilikuwa zimekwisha kuingiza ulingo katika king'amuzi kilekile kinachoonyesha ligi, hivyo kasoro ya mwaka 2015 haikujirudia.

Lakini macho ya umma yana gharama, na gharama hiyo hulipwa na mwili wa mtu mmoja. Julai 2023 Wanyonyi alirudiana na Mandonga Nairobi akashinda. Wiki moja tu baadaye Mandonga akapanda ulingoni Mwanza dhidi ya Moses Golola wa Uganda, akapoteza tena, na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa ikamsimamisha mpaka apimwe afya. Kibandani usiku wa Mwanza kicheko kilikatika katikati ya pambano. Watu waliokuja kwa ajili ya utani walijikuta wanamtazama mtu aliyechoka akipigwa, na mama mmoja akatoka nje akisema mtoto wa mwenzake asiuawe kwa shilingi zao. Wakenya wanalijua hilo kwa uchungu zaidi. Robert Wangila, Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi katika Olimpiki, mjini Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 kutokana na pambano la kulipwa Las Vegas. Mapumziko kati ya pambano na pambano, daktari mwenye mamlaka ya kusema hapana, na kona inayojua kurusha taulo havivuti watu. Bila hivyo, anayewavuta watu huumia.

Mvuto wenyewe hauondoki kwa wakati mmoja. Mwakinyo aliposhindwa na Liam Smith mjini Liverpool tarehe 3 Septemba 2022, katika raundi ya nne, mwenyewe akaeleza kwamba begi lake lilipotea safarini na viatu alivyovaa havikumfaa. Nyololo ilizungumza viatu kwa wiki mbili hivi, kila fundi viatu akiwa na maoni, kisha ligi ikachukua nafasi yake. Mtu akifuatilia namna watu wanavyosahau huona mpangilio: kwanza hupotea jina la mkanda, halafu tarehe, halafu raundi, halafu jina la aliyeshindwa kama hakuwa mwenyeji. Kinachokaa muda mrefu zaidi ni kitu kidogo kinachoweza kutumika katika kazi nyingine. Kwenye gereji ya njia panda nyundo kubwa ya kung'olea rimu za malori inaitwa sugunyo mpaka leo, na vijana wawili wapya wanaoishika, walioletwa kutoka vijiji vya ndani kujifunza kazi, wanadhani hilo ndilo jina lake tangu kiwandani.